Daktari aliuliza tumbo langu, nikamjibu la marehemu

Jumanne, 12 Machi

Dada Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu zangu tu. Nimekaa na jambo hili peke yangu mpaka limenielemea.

Mimi ni mjane, fundi cherehani, nashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga, mimi na binti yangu wa miaka tisa. Mume wangu alikuwa fundi wa kupaka rangi, alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa tumbo. Ulianza kama kiungulia, akawa anatafuna vidonge vya duka la dawa kama pipi, na akila anapata nafuu, anacheka, anasema tumbo lake ni kama mtoto mchanga, likipewa chakula linanyamaza. Mpaka anapelekwa kwenye kile kipimo cha kamera inayopita mdomoni, wakati ulikuwa umeshapita. Nilimuuguza mwenyewe, kwa hiyo maumivu yake nayajua kuliko hata yangu, najua alivyokuwa akiweka kiganja kwenye chembe cha moyo na kukaa kimya ili mtoto asijue. Shati lake moja lina doa la rangi ya kijani kwenye kola, sijawahi kulisugua.

Sasa tangu miezi michache iliyopita na mimi tumbo linanisumbua. Linakuja nikila vitu vya mafuta, upande wa kulia chini ya mbavu, linajikaza kama mtu anakamua nguo iliyofuliwa, linapanda mpaka nyuma ya bega, natapika, halafu linaondoka kama si lenyewe. Nilificha, lakini wifi yangu, dada wa marehemu, alinikuta nimejikunja juu ya meza ya kukatia vitambaa. Akaniambia, "Wifi, nenda hospitali. Ukiondoka na wewe, mimi nani atanishonea bure?" Tukacheka, halafu yeye akageukia dirishani kufuta macho, ndipo nikaona siwezi kukataa.

Daktari niliyemkuta ni binti mdogo, mpole, akauliza inauma wapi, inauma vipi, kabla ya kula au baada ya kula. Dada, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye chembe cha moyo. Nikamwambia inawaka kama nimewekewa pasi, nikila inatulia, usiku inaniamsha, na hayo yote ni maneno ya mume wangu, hata hiyo pasi ni yake. Niliona kwamba yeye aligunduliwa kwa kuchelewa, basi mimi nikisema kama yeye watautafuta ugonjwa ule mapema. Tena nilikuwa nimemeza vidonge viwili vya maumivu ili niweze kukaa kwenye benchi, kwa hiyo aliponibonyeza chini ya mbavu na kuuliza, "Na hapa je, mama?" nikasema hapana, maana kwa saa ile palikuwa pameshapoa.

Ameniandikia kamera, Alhamisi ya wiki ijayo. Kipimo kile kile, na nadhani hata chumba ni kile kile. Tangu hapo nimekuwa nikimshonea mwanangu magauni makubwa, ya miaka kumi na mbili, ya kumi na nne, nakunja pindo nene ili aje afumue mwenyewe. Juzi aliniuliza, "Mama, mbona haya yote ni ya dada mkubwa, na mimi sina dada?"

Je, niende kwenye kamera huku najua nilichosema si changu, au nirudi kwa yule binti nimwambie ukweli anione nimechanganyikiwa, au niache tu, litakalokuja lije? Hata kama barua hii haitapata nafasi gazetini, naomba unikumbuke.

Fundi wa Sare

*

Fundi wa Sare,

Pole sana kwa msiba, na pole kwa kuubeba mpaka kwenye chumba cha daktari. Sasa nikugombeze kidogo.

Daktari haoni ndani ya ngozi. Anaanza na maneno yako na mahali unapoweka mkono, ndipo anajua aanzie wapi. Ndani ya tumbo mna vitu vingi: ini, kifuko cha nyongo, figo, utumbo, kizazi, na kila kimoja kina namna yake ya kulalamika. Ukimpa maneno ya mumeo, atamtafuta mumeo tumboni mwako, na humo hayumo, dada yangu.

Mimi si daktari, na gazeti halipimi mtu. Ila nilimsomea barua yako muuguzi mstaafu ninayemwamini. Akaniomba nirudie pale pa mafuta na bega, kisha akasema, "Huyu ana lake, mbona halifanani na la mumewe? Arudi akaseme." Akaongeza kwamba yapo mengi yanayouma upande huo, na mengi yanatibika yakijulikana mapema. Huenda hata kipimo utakachohitaji ni kile cha kupakwa mafuta tumboni na kutazamwa kwenye kioo. Lakini hilo ataamua daktari. Akisema kamera bado inahitajika, ifanye, kwa kuwa kipimo hakileti ugonjwa, kinakuta kilichopo.

Unaogopa ataona umechanganyikiwa? Atakuwa ameshawaona waliomdanganya kwa sababu mbaya kuliko upendo. Na hayo magauni, hebu yapumzishe. Mtoto ameshahisi kitu. Mwambie tu kwamba tumbo linakuuma na unakwenda kutibiwa. Hilo ataliweza.

Usisubiri Alhamisi. Nenda kesho asubuhi, na wifi yako akusindikize, anaonekana ana mdomo wa kutosha kwa wote wawili. Usimeze vidonge kimya kimya. Ukizidiwa ukameza, mwambie daktari ni vipi na saa ngapi. Mweleze unachokula kabla halijaanza, linakaa muda gani, linaelekea wapi. Na ukipata homa, macho yakawa ya njano, ukatapika damu, choo kikawa cheusi, au maumivu yakagoma kuondoka, usingoje kupambazuke, nenda saa hiyo hiyo.

Ukiingia, hata kabla hujakaa vizuri, sema hivi: "Daktari, siku ile nilikueleza maumivu ya marehemu mume wangu. Leo nimekuja na yangu."

Kisha mwonyeshe kwa kidole.