Binti Yangu Hataitwa Vita kwa Sababu ya Kimondo

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Jumamosi jioni. Joto la Oktoba, vumbi mpaka ndani ya chai. Nimekasirika tangu asubuhi na sioni haya kuandika hivyo.

Kesho binti yangu anapelekwa kanisani kubarikiwa, na mama mkwe ameshamchagulia jina. Vita.

Vita!

Kisa ni kile kimondo chenye mkia kinachoonekana magharibi jua likishatua. Kilianza kuonekana siku niliyojifungua katika hospitali ya Likuni, Lilongwe. Kwetu Kivu mtoto hubeba jina la jambo lililotokea akizaliwa, na bibi mzaa baba ndiye mwenye kauli. "Nyota ya mukia iko naleta vita," alisema leo tukimenya mihogo. "Mutoto ni Vita, njo vile."

Kabla ya kuwa fundi cherehani hapa kambini nilifundisha fizikia Bukavu. Nikamweleza kwa lugha ya kazi ya sasa. Jua na sayari ziliposhonwa, vilibaki vipande vya barafu na vumbi, vikatupwa mbali, ng'ambo ya sayari zote, kwenye baridi isiyosemeka. Vinakaa huko. Siku moja nyota nyingine inapita jirani, inakisukuma kipande kimoja, nacho kinaanza kuanguka kuelekea jua. Kikikaribia, barafu inageuka mvuke, na huo ndio mkia. Hiki cha sasa kilianza safari kabla hakujawa na Kongo wala mtu wa kuigombania. Kitaletaje vita vyetu?

Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Kama baliitupa, juu ya nini inarudia? Iko na kasirani."

Bahati, mume wangu, akacheka. Nusura nimrushie muhogo. Diploma yote ile, na mbele ya mama yake hana ulimi.

Mimi naitwa Mateso. Nilizaliwa wakati wa njaa, bibi yangu akaona jina limepatikana. Likuni nesi aliniuliza maana yake, nikamwambia, akanipa "pepani", pole ya Kichewa, kama vile nimefiwa. Nimeibeba njaa hiyo shuleni, harusini na katika kila ofisi ya wakimbizi. Yenyewe iliisha kabla sijaota meno.

Na linaloniuma zaidi ni hili. Sisi pia tulisukumwa. Hakuna aliyetoka kwao kwa kupenda, lakini kila tunapofika tunatazamwa kana kwamba balaa tumekuja nalo. Halafu jioni tunatoka nje, tunatazama kipande cha barafu kilichosukumwa, na sisi tunakisema vilevile.

Inatosha.

Kesho mchungaji atauliza jina, na desturi ni bibi kujibu. Nitajibu mimi. Nyota. Najua kimondo si nyota, wanafunzi wangu wa zamani wanisamehe. Lakini mama mkwe anakiita nyota, basi na yeye ana fungu lake katika jina hilo.

Akinuna, anune. Kimondo kitaondoka baada ya wiki chache. Jina litabaki na mwanangu.