Koili ya Mwanaisha

Changamwe,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Mghoi,

Shikamoo. Natumaini kifua cha Mama kimetulia na baridi ya huko Wundanyi imepungua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoniuma, na ni wewe tu ninayeweza kukueleza bila kuchekwa.

Unajua kazi yetu hapa karakana: kuchaji tuktuk za umeme bila waya. Koili moja, yaani waya uliozungushwa duara, iko sakafuni, nyingine chini ya tuktuk, na umeme unavuka katikati kwa nguvu ya sumaku. Shida ni kwamba mwingi ulikuwa unapotea na kugeuka joto. Mwaka mzima nimehangaika na upotevu huo. Kisha akaja Mwanaisha, binti wa Likoni, na kabla hajajua hata chai tunanunua wapi, akabandika vigae vya feraiti, vile vyeusi vinavyoelekeza sumaku, nyuma ya koili ili sumaku isimezwe na bati la tuktuk. Bosi akaanza kumwita "mhandisi wangu". Mimi ananiita "wewe Mwakio". Dada, chakula kilikuwa hakipiti.

Alhamisi tulingoja wageni wa hoteli moja ya Shanzu, waje kuona kama mashine itawafaa. Asubuhi nikaona kitu: vigae vimebadilisha koili, lakini kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi umeme vinavyolinganishwa na koili, zilikuwa zile zile za zamani. Koili mbili hazikuwa tena na masafa sawa, kama nyuzi za gitaa zisizopatana sauti. Umeme ungevuka kidogo kuliko mwanzo. Nikanyamaza. Nikasema moyoni, acha aaibike.

Wageni walipofika langoni, Mwanaisha akanijia mbio.

"Kaka Mwakio, wallahi sijalala. Hebu nitazamie, wewe waijua mashine hii kunishinda."

Ningeweza kumwambia iko sawa. Nikasema, "Kapasita hizi haziifai koili yako. Nishikie tochi."

Tulimaliza kuzibadilisha bosi akiwa bado anawakaribisha wageni kwa madafu. Tuktuk ikachaji, na koili ikabaki baridi hata ukiigusa. Bosi akampa Mwanaisha mkono mbele ya watu. "Aliyerekebisha ni Mwakio," Mwanaisha akasema. Wageni wakanitazama kidogo, wakaendelea kumuuliza yeye.

Hoteli imekubali kufungiwa mashine, na sasa Mwanaisha anakwenda Shanzu kusimamia kazi, na ameniomba niwe msaidizi wake. Msaidizi, Dada! Nilipiga makofi na wenzangu, kisha nikajifungia chooni.

Kesho nitamjibu. Nitakubali, maana kazi hii naipenda kuliko ninavyomwonea wivu, ingawa kwa kidogo tu.

Nisalimie shemeji, na mjomba mpiga kinanda wa kanisani. Mama mwambie nimepata kazi Shanzu. Hayo mengine yaishie kwako.

Mdogo wako akupendaye,
Mwakio