Bawa Lisiloijua Mvua

9 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mama sukari inampanda na kumshuka. Daktari wa kliniki anasema insulini iliyopo itatosha mpaka masika tu, na masika barabara hukatika. Mama anamtambia kila jirani kwamba mwanawe anatengeneza ndege isiyo na rubani ya kumletea dawa mlangoni. Namwuliza, sasa hiyo ndege honi atapiga nani? Anacheka mpaka anakohoa. Niambie ukweli, itawahi?

Dada yako

27 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, usingizi tu ndio adimu. Mwambie mama itawahi. Ndege yenyewe siigusi. Nachora bawa kwenye kompyuta, nalipulizia upepo wa hesabu, kisha natazama hewa inapopita vizuri na inapojikunja ikaivuta ndege nyuma. Nilikuwa nimekwama: betri ilikwisha kabla ya kuvuka mlima wenu. Juzi nikalirefusha bawa na kulifanya jembamba, na kwenye skrini likavuka, chaji ikabaki. Nilipiga kelele ofisini, bosi akadhani nimeibiwa. Nimembembeleza tusingoje hesabu zaidi, tuijenge sasa hivi, naye amekubali.

Mdogo wako, Fundi Upepo

22 Machi

Fundi Upepo,

Hujambo? Nimepanda kilimani penye mtandao ili hii ikufikie. Mvua haikati na barabara imekwenda na maji. Jana ndege yenu ilikuja. Mama alivaa gauni lake zuri akatoka barazani. Tukaiona ikivuka mlima, halafu ikayumba kama mlevi na kuangukia bondeni. Chupa zote zimepasuka. Mama kasema, "Mwacheni mwanangu, hiyo ndiyo ya kwanza." Dawa iliyobaki tunampimia kidogo kidogo. Tumeni nyingine haraka.

Dada yako

3 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hata kuuliza hali naogopa. Matone yakitua kwenye bawa jembamba vile, hewa inaliachia na ndege inaanguka. Kuipigia mvua hesabu kungechukua wiki nyingi, nikaiacha nje ili niwahi. Nimemtengenezea mama ndege ya kiangazi, naye aliihitaji masika tu. Bosi amezuia safari zote mpaka hesabu ya mvua iishe. Kompyuta inakwenda usiku na mchana, nami naikodolea macho. Mwambie mama avumilie. Haya mengine usimwambie.

Mdogo wako

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Nadhani ni mtandao. Hesabu imekwisha, bawa jipya linapita kwenye mvua. Kesho asubuhi inaruka. Mwambie mama avae lile gauni.

Fundi Upepo

21 Mei

Mdogo wangu,

Pole na kazi. Ndege yako imefika kwenye mvua kubwa na haikuyumba hata kidogo. Imeshusha boksi barazani, jina la mama juu yake kwa mwandiko wako.

Mama tulimzika katikati ya Aprili, na gauni lile ndilo tulilomvalisha. Alinikataza nisikwambie mpaka ndege ifike, alijua utaacha kazi. Yale mengine uliyonikataza wewe, ya hesabu ya mvua, sikumwambia. Mpaka mwisho aliulaumu upepo.

Boksi nimelipeleka kliniki. Mgonjwa mwingine pekee wa sukari upande huu alikuwa mzee fundi cherehani, naye alimtangulia mama kaburini. Dawa ziko kwenye friji, na hakuna wa kuchomwa.

Dada yako