Muuza Ukimya na Laptopu Yake Nyembamba

Mpendwa Mshauri,

Jumanne iliyopita asubuhi nilipoteza kazi ya kufunga mifumo ya hewa katika shule tatu, na niliipoteza kwa sababu ya feni ya laptopu, kwa hiyo nisaidie kabla sijampoteza na mkwe wangu. Nina miaka hamsini na minane, nilianza kwa kutambaa ndani ya mabomba ya hewa ya watu nikiwa na brashi mkononi, leo nina kampuni yangu hapa mjini Tampere, watu kumi na wanne, na tunauza kitu kimoja tu, hewa safi isiyo na kelele, mtoto darasani amsikie mwalimu, asiusikie mtambo. Sasa fikiria, nimekaa na Raimo, msimamizi wa majengo ya shule wa manispaa moja ya jirani, kahawa ipo, maandazi ya iliki yapo, tumenyamaza kama tunavyonyamaza sisi watu wa huku tukiwa na jambo la maana, naye akaniomba nisogeze ukuta mmoja kwenye mchoro aone hewa itapitaje, nikabonyeza, laptopu ikaanza kukokotoa na feni yake ikaamka ikalia kama mashine ya kukaushia nywele, dakika kumi na moja nzima, hesabu ambayo ofisini huchukua dakika nne, na Raimo akainamisha kichwa, akaisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na hii pia mmeifunga ninyi?" Alasiri wakatujulisha kwamba wamechukua wengine.

Laptopu hizi alizileta Jyri, mume wa binti yangu, ambaye ndiye meneja wangu wa mauzo. Unene milimita kumi na nne, uzito kilo moja na robo, na sikatai kwamba ni nzuri, inaingia hata kwenye mkoba wangu wa kila siku, lakini nilipomweleza yaliyotokea akacheka. "Mama mkwe, ile ni ya kuandikia barua, wewe umeipa kazi ya mtambo." Nikamuuliza mbona siku alipoileta aliisifia kama mtambo. Akasema, "Basi sema unataka tubebe jiko la mawe la sauna mgongoni."

Tunanunua mpya kumi na nne. Yeye anataka zile zisizo na feni kabisa, hazitoi hata pumzi, ila nimeulizia nikaambiwa zikipata joto hupunguza mwendo zenyewe, na mimi nataka zile nene, kilo mbili na robo, zina kasi, lakini chaja peke yake ni tofali na betri haifiki mji wa Oulu na kurudi kwa treni. Na linalonisumbua kuliko hata hasira ni hili, mbona watengenezaji hawatupi vyote pamoja, wembamba, ukimya, kasi na betri ya kudumu, wanatuficha nini? Nimfuate Jyri au nimwondoe kwenye mauzo? Oda naisaini Ijumaa saa nane mchana. Usinizungushe.

Marketta, Tampere

Marketta,

Pole. Kuulizwa swali lile na mtu anayekunywa kahawa yako kunauma. Nimecheka kidogo pia, nisamehe.

Hakuna anayekuficha kitu, na jibu unalijua kuliko mimi. Mwenye shule akikuambia, "Nataka hewa ileile, lakini bomba liwe nusu ya upana, dari ipendeze," unamjibu nini? Unamwambia hewa itapita kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo kelele. Akitaka ukimya, aweke bomba pana au akubali hewa kidogo. Laptopu ni hivyo hivyo. Kazi nzito huzaa joto, na joto lazima litoke. Ndani ya milimita kumi na nne, ama kifeni kizunguke kwa hasira, ama mashine ipunguze kazi. Unene ni nafasi ya feni kubwa kuzunguka polepole. Miaka yote hii unawauzia watu mabomba mapana, halafu wewe mwenyewe ukanunua jembamba.

Na kwa nini kumi na nne za aina moja? Wanaochora na kukokotoa wape nene, wao hawapandi treni. Wauzaji wape zisizo na feni, hesabu ifanywe na mashine ya ofisini, wao wapokee jibu tu kwa mtandao. Ila najua mnaingia vyumba vya chini vya shule, zege kila upande, simu haishiki. Basi weka nene mbili za kwenda huko, na atakayebeba alalamike.

Usiamini karatasi ya muuzaji, wala mimi usiniamini. Azima moja ya kila aina leo. Chomoa chaja, maana nyingine hulegea zikitegemea betri. Endesha ile hesabu ya ukuta mara tatu mfululizo, kwa sababu mara ya kwanza mashine bado ni baridi na itakudanganya. Kipima sauti unacho. Pima kwa umbali wa mita moja, kama unavyopima darasa. Itakayoshindwa darasani isikae mezani kwa mteja.

Jyri usimwondoe. Alikosea kutoijaribu, akakosea tena kucheka, lakini migongo ya watu wanaobeba anaijua. Halafu kuna kijineno ulikipitisha haraka, kwamba inaingia kwenye mkoba. Mkoba wako, Marketta, si wake. Kwa hiyo nami usinizungushe. Siku laptopu ile ilipowekwa mezani kwa mara ya kwanza, ni nani aliyesema, "Tuchukue hii"? Nitumie jina moja, kabla ya Ijumaa saa nane mchana, kabla hujashika kalamu.