Sanduku Yako Sasa Inaingia mu Kikwembe

Baba Masika,

Kama kule uko kuna kiti, ikala, juu leo niko na habari ya kujivunia. Mutoto yako amekuwa mwalimu! Tena wa sekondari, kule Oicha, kulekule tulitoka tukikimbia vita. Mutaa muzima hapa Butembo inajua, juu mimi mwenyewe nilipita nikibaambia. Hata bale hawakuuliza.

Mais neno yako moja ilikuwa imebaki. Ulimuambia Masika angali mudogo: "Siku utakuwa mwalimu, hii sanduku ya vitabu ni yako." Na sanduku ilibaki Oicha. Unakumbuka vile tulitoka: mimi na sufuria, Masika na mbuzi, wewe na godoro ku kichwa. Godoro, Baba Masika! Tuliilalia, ndiyo, lakini vitabu ulivililia mpaka ugonjwa ikakubeba. Kwa hiyo mimi nikasema: mutoto ya mume wangu hawezi kwenda kufundisha mikono mitupu nikiwa ningali na nguvu.

Nikasikia kama kuna mashine banaita liseuse. Iko ndogo kama katekisimu, lakini vitabu vya sanduku yako vyote vinaingia ndani, na nafasi inabaki. Nikauzisha viazi ya shamba yangu ya Kipese, nikavaa kikwembe ya Noeli, nikaenda kwa Kahindo, ule binti anauzisha masimu karibu na soko. Akaniwekea tatu ku meza.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, na marangi, inang'aa. Nikaipeleka inje mu jua. Unajua niliona nini? Sura yangu! Na kitambaa ku kichwa, muzuri sana, mais herufi hata moja. Nikarudisha.

Ya pili ilikuwa ya rangi ya majivu, ndogo, na picha ya miti ku kioo. Nikafikiri ile picha ni karatasi banabandika juu mashine isikwaruzike, nikaanza kuibandua na kucha. Kahindo akapiga kelele: "Mama Masika, acha! Ile ndiyo kioo yenyewe!" Bon, nikaacha. Mimi nitajua namna gani kama mashine imelala na inaonyesha picha? Tukaiamusha. Mu jua ikasomeka kama gazeti, na mu giza iko na kataa kadogo kanawaka ndani. Kahindo anasema ukiitia moto ya panneau ya jua mara moja, inakamata majuma mazima. Batteri ya simu yangu isikie haya.

Ya tatu, Baba Masika. Ile inasoma yenyewe na sauti. Kahindo akanitia vile vidude mu masikio, na mwanaume akaanza kunisomea Kifaransa, polepole, pale katikati ya duka. Nikasimama. Tangu ulienda, hakuna mwanaume amenisomea.

Nikaanza kutosha makuta ya kulipa mu fundo ya kikwembe. Ya kweli, ile nilitaka. Na nikijidanganya kama ni ya Masika.

Mais nikasikiliza tena. Ule mwanaume hakohoi. Hasimami pale kunanoga, kuuliza: "Mama, uko unasikia ao umelala?" Anasoma tu kama mutu anafukuzwa. Na hapana kitu mu kinywa yake! Nikakumbuka wewe ulisoma na muhindi ya kuchoma, ya kupaka mafuta, siku zote: kitabu mu mukono moja, muhindi mu ingine, mafuta ku kila ukurasa. Na Masika ni wewe mutupu.

Nikatoka, nikanunua muhindi, nikarudi. Kahindo akasema: "Eh, mama! Hapa ni duka ao ni malewa ya kukulia?" Nikamuambia nyamaza binti, ninapima. Ile ya sauti haina kifungo. Kidole ya mafuta ikigusa kioo, inaruka kurasa, inarudi, inakuwa wazimu. Ile ya majivu iko na kifungo ku pembeni: kidole gumba moja tu, ukurasa inageuka, na muhindi inaendelea. Nikailipa ile. Kahindo alitafuna muhindi ilibaki.

Jana jua ikielekea kushuka, nikamupa Masika. Nikasema: "Hii ni sanduku ya baba yako. Mukikimbia, na Mungu akatae, unaifunga mu kikwembe, godoro ikabaki." Alicheka, kisha akalia, kisha akaomba muhindi. Akaikala pa kiti yako. Akanisomea habari ya mujane mumoja mwenye kiburi (sijui aliichagua juu ya nini), mutu akapiga hodi, mujane akashika mulango, na Masika... akafunga mashine! Pap! Nikasema: "Weye, nani iko ku mulango?" Anatafuna tu. "Mama, uko unasikia ao umelala?"

Hakuna mutu alimufundisha ile. Nilitoka inje kidogo, nikasema ni moshi mu macho.

Leo asubui ameenda, sanduku yako ku kifua yake. Mimi nimebaki na sijui nani iko ku mulango, kama vile uliniacha kila siku, mubaya weye. Donc sikiliza: nikiuzisha viazi ya juma hii, napanda gari ya Beni, napita Mavivi, nafika Oicha, anisomee mpaka mwisho. Kisha nitakuja pa kaburi yako na muhindi mbili, nikuelezee yote.

Mais nami nitasimama pale kunanoga. Nawe usikie vile inaumaka.

Lala muzuri, mwalimu yangu.

Mama Masika