Kona ya Mita Sitini

Jumatatu, 8 Februari

Ofisini saa moja na nusu. Nimefuta vumbi mezani. Nimechonga penseli tatu. Chai hakuna, sukari imeisha tangu Alhamisi na hakuna aliyejali kununua nyingine. Wote wanazungumzia orodha. Serikali inapunguza watu, idara yetu itatoa majina mwezi ujao. Wanaume wanakaa kwenye ngazi, wanahesabu nani ana watoto wangapi. Sisikii hofu. Sisikii kitu.

Siku ya kumi na tisa tangu tumzike Ndeshi. Mdogo wangu wa mwisho, miaka ishirini na mbili, alikuwa anaishi kwangu. Alikuwa anafunga maua kwenye shamba la wawekezaji, kule chini ya Usa River. Lori la kuwapeleka kazini lilitoka barabarani kwenye kona likapindukia korongoni. Walikufa watatu. Dereva, Zakaria, alivunjika mkono tu. Yuko mahabusu. Wanasema alikimbiza gari. Yeye anasema alikuwa kwenye mwendo wa arobaini.

Saa nne Mushi akaniita. Ni kaimu mkuu wetu, kijana, aibu nyingi. Alinitazama viatu.

"Dada Aika, bado nakupa pole. Mahakama inataka taarifa ya ile kona. Nimpe mtu mwingine?"

Wapima wengine wawili waliobaki, mmoja anaumwa, mmoja yuko Ngorongoro. Nikasema nitakwenda mimi. Hakuniuliza kwa nini.

Jumanne, 9 Februari

Kuandaa vifaa. Tepu, kamba ya mita ishirini, vigingi, daftari jipya. Mzee Mbise atanishikia ncha ya pili. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na nne.

Nimejaribu kukumbuka nilivyomfundisha Ndeshi duara alipokuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne. Alichukia hesabu. Nilimwekea mezani sinia na kikombe. Kila duara lina mpindo wake. La sinia limelegea, la kikombe limebana. Nusukipenyo kikiwa kidogo, mpindo ni mkali. Mstari ulionyooka hauna mpindo kabisa. Na gari, nikamwambia, daima linataka mstari ulionyooka. Linapinda kwa sababu tu matairi yanaikamata ardhi. Ardhi ikichoka kukamata, gari linakwenda linakotaka.

Akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Halikutoka.

Jumatano, 10 Februari

Tumekwenda. Joto. Mlima wote uko wazi, hauna hata wingu. Mara ya kwanza kufika pale tangu ajali. Watu wa msiba walikuja kuweka maua, mimi sikuja.

Mzee Mbise alivua kofia. Nilimwamkia upya, sijui kwa nini, tulikuwa tumeamkiana asubuhi. Akaitikia tu, "Marahaba mwanangu," akashika kamba.

Njia ya kupima ni rahisi. Ncha mbili za kamba zinawekwa kwenye ukingo wa nje wa kona. Kamba inakata barabara kwa mnyoofu. Katikati yake unapima umbali hadi ukingoni. Kwa kamba ya mita ishirini, kona ya nusukipenyo cha mita mia inakupa sentimita hamsini. Mia ndiyo iliyotakiwa. Naikumbuka, kwa sababu kona hii niliipima mimi, miaka minne iliyopita, barabara ilipokatwa kwa ajili ya mashamba ya maua.

Tumepata sentimita 83. Tukasogea hatua kumi. 82. Tukasogea tena. 84.

Hiyo siyo mia. Hiyo ni sitini.

Na changarawe imeinamia nje. Upande wa nje wa kona unatakiwa kuinuka, ulisaidie gari kubaki. Huu umeinama kuelekea korongoni, kama sahani inayomwaga mchuzi.

Alama za matairi bado zipo. Hazipindi hata kidogo. Zimekwenda moja kwa moja hadi ukingoni.

Mzee Mbise akasema, "Hapa si tulipigilia vigingi kule ndani zaidi?" Akaonyesha banda la pampu la shamba. Nikasema sikumbuki. Nilikuwa nasema kweli.

Nimekula mkate wangu garini. Nikamaliza wote.

Alhamisi, 11 Februari

Stoo. Madaftari ya vipimo ya zamani yamerundikwa pamoja na matairi mabovu. Panya. Sijalipata langu.

Kwenye ngazi wanasema orodha ina majina thelathini. Mwingine anasema hamsini.

Ijumaa, 12 Februari

Nimelipata.

Ukurasa wa 31: nusukipenyo mita 100. Mwandiko wangu. Vigingi vyote vimeorodheshwa.

Ukurasa wa 34: "Marekebisho kwa agizo." Nusukipenyo mita 60. Mwandiko wangu. Vigingi vyote vimeorodheshwa. Chini, sahihi yangu.

Nimekumbuka yote, kwa mfuatano, bila kutaka. Shamba lilikuwa limeshajenga banda la pampu upande wa ndani. Kona pana ingepita juu yake. Injinia Swai, bosi wetu wa wakati huo, alikuja na gari la mwekezaji akasema sogeza, bana kona, jamaa wanaleta fedha za kigeni. Nikakaa kwenye boneti nikapiga hesabu upya. Nusu saa. Nilijua inabana. Nilijua inahitaji kibao cha mwendo na ukingo wa nje uinuliwe. Nilidhani yeye ataandika. Sikuuliza kama ameandika. Ilikuwa Ijumaa, nilitaka kurudi mjini.

Nimezirudia hesabu za ukurasa wa 34. Hazina kosa hata moja. Hesabu ni sahihi. Sahihi ni yangu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimefua mashuka.

Jumapili, 14 Februari

Kanisani. Nimesimama wakati wa kusimama.

Nje Injinia Swai alikuwa ananisubiri. Siku hizi ana kampuni yake ya ukandarasi, suti, gari jeupe kutoka Dubai. Alinipa pole vizuri, kwa mikono miwili. Kisha akaniongoza hadi kwenye kivuli cha ukuta.

"Nasikia umekwenda kupima."

"Ndiyo."

"Yule dereva alikuwa anakimbiza, Aika. Kila mtu anajua. Amekuulia mdogo wako. Andika mwendo kasi, imekwisha."

"Kona ni sitini."

"Na nani aliyeipima?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha mwavuli. "Orodha inatoka. Huko kwangu nahitaji mpima mzoefu. Usijichomee nyumba."

Nikamshukuru. Kweli nilimshukuru. Mdomo ulifanya wenyewe.

Jumanne, 16 Februari

Jana sikuandika. Hakuna kilichotokea. Nilikaa na karatasi tupu kuanzia asubuhi hadi saa tisa.

Leo nimepiga hesabu ya mwendo. Kona ya sitini, changarawe iliyolegea, mteremko wa kwenda nje: lori lenye watu linaanza kuteleza kwenye kilomita thelathini na tano kwa saa. Nimeirudia mara nne. Kona ya mia, ukingo umeinuliwa inavyopaswa: hamsini na tano.

Arobaini ya Zakaria iko katikati. Kwenye kona ya ukurasa wa 31 wangefika kazini.

Nimemchukia huyu mtu wiki nne. Siyo sana, sina nguvu ya kuchukia sana, lakini ilikuwa kitu cha kushika. Sasa hakipo.

Hakuna anayejua kuhusu ukurasa wa 34 ila Swai na mimi. Mzee Mbise anakisia. Ningeweza kuandika vipimo vya leo tu na kusema haijulikani nani aliyebana kona. Ningeweza pia kuwasha moto wa jikoni kwa hilo daftari. Nimeyaandika haya nione yanavyoonekana.

Alhamisi, 18 Februari

Nimepeleka taarifa. Kurasa tano na mchoro. Nimeambatisha nakala ya ukurasa wa 31 na wa 34.

Mushi aliisoma amesimama. Kisha akaketi akaisoma tena.

"Dada, hapa pana jina lako."

"Najua."

"Nikiituma hii hakuna atakayenisikiliza nikikutetea. Kwenye orodha utakuwa wa kwanza. Na wanaweza kukushitaki."

"Itume."

Akageuza kifuniko cha kalamu. Mwishoni akapiga muhuri. Nikachukua nakala yangu nikarudi mezani kwangu. Nadhani si ujasiri. Ni kwamba hakuna kilichobaki cha kuogopea.

Jumamosi, 20 Februari

Machame, kwa Mama. Heri asikie kwangu kabla ya kusikia sokoni.

Alikuwa anamenya ndizi. Nikachukua kisu cha pili. Nikamwambia huku tukimenya, kwa sauti ya kawaida: ile kona nilipima mimi, niliambiwa niibane, nikaibana, nikasaini. Dereva hakukimbiza.

Aliendelea kumenya. Ndizi tatu, nne. Kisha akauliza:

"Ulijua anapita hapo kila siku?"

"Alipoanza kazi nilijua."

"Na hukumwambia ashuke atembee kwa miguu pale?"

Sijawahi kufikiria swali hilo. Ni swali la mtu asiyejua barabara wala malori, na ndilo pekee katika mwezi mzima ambalo lingeweza kumwokoa Ndeshi. Nilikuwa nimeisahau ile kona. Nilimpa hela ya kula asubuhi, nikamwambia avae sweta, na nilikuwa nimeisahau.

Mama akanipa chakula. Hakukaa nami. Nilisikia anaongea na mbuzi kwa Kichaga nyuma ya nyumba, sauti ya chini.

Nalala huku. Asubuhi atanisindikiza au hatanisindikiza.

Jumapili, 21 Februari

Hakunisindikiza. Lakini alinifungia mkungu mdogo wa ndizi akauacha mlangoni.

Jumatano, 3 Machi

Nimeitwa polisi kutoa maelezo. Nimengoja saa tatu nzima kwenye benchi. Ofisa alitaka nimchoree. Nikachora maduara mawili, kubwa na dogo. Akasema, "Kumbe." Swai naye ameitwa. Anasema hakumbuki kutoa agizo lolote.

Mzee Mbise alikwenda mwenyewe, bila kuitwa, akawaambia alikuwepo siku vigingi vilipong'olewa na alimsikia Swai kwa masikio yake. Yuko karibu kustaafu, ana mafao ya kupoteza. Nilipotaka kumshukuru akasema tepu imekatika, ninunue nyingine.

Ijumaa, 12 Machi

Orodha imebandikwa. Nimesoma jina langu, Aikaeli, jina la baba, cheo. Wa kumi na moja. Kwa hiyo siyo wa kwanza. Mwisho wa mwezi nakabidhi ofisi.

Wanawake wa masjala walilia kwa ajili yao na kwa ajili yangu. Niliwashika mabega.

Mchana habari nyingine. Kesi ya Zakaria imeondolewa. Yangu na ya Swai, faili linapelekwa juu. Hakuna anayejua lini litarudi.

Jumatatu, 22 Machi

Kazi yangu ya mwisho. Shamba limekubali kuhamisha banda la pampu. Mushi akaniuliza kama nitaweza kuipima kona upya, au aazime mtu Moshi.

Nusukipenyo mita 120. Vigingi ishirini na viwili. Nimeandika kibao cha mwendo, nimeandika ukingo wa nje uinuliwe, nimeandika tarehe, nikampa Mushi asaini nikimwangalia. Wasichana wa maua walikuwa wanapita kwa miguu pembeni, wamevua kandambili, wanacheka jambo lao. Mmoja akasema shikamoo. Nikaitikia.

Jumamosi, 27 Machi

Nimeamka nikidhani ni siku ya kazi.

Saa nane mtu alibisha hodi. Mwanaume mwembamba, mkono mmoja umekaa vibaya. Nilimtambua kabla hajajitaja. Alikuwa amekuja na kilo ya sukari kwenye karatasi.

"Sikupata nafasi ya kukupa pole," Zakaria akasema.

Nikamkaribisha. Nikatengeneza chai. Tulikaa kama wageni kwenye harusi ya watu tusiowajua. Alisema hataki tena kuendesha, kaka yake ana duka la nguo za mitumba Maji ya Chai, atauza naye. Nikasema ni vizuri. Nikasema samahani, neno hilo moja tu. Akatikisa kichwa, sijui kukubali au kukataa.

Nikamuuliza Ndeshi alikuwa amekaa wapi.

"Nyuma, upande wa kulia, kwenye mikeka ya kufungia maua. Alikuwa amelala. Nilimwona nilipokuwa nafunga ubao wa nyuma. Kila asubuhi alilala, yule. Walikuwa wakimtania kwamba hata barabara haijui."

Hakujua, basi. Hakuona kona ikija.

Nilimsindikiza hadi barabara kubwa. Tulipeana mkono, wake wa kushoto.

Niliporudi mvua ilikuwa inaanza. Niliingia chumbani kwa Ndeshi nikakaa kitandani kwake. Nimelia. Siyo sana, labda dakika kumi. Kisha nimefunga dirisha kwa sababu maji yalikuwa yanaingia, nikaweka maharage jikoni.