Mpaka Katika Kilima cha Unga

Yaya Masika, pokea salamu kutoka Mususa, kwa shangazi yetu. Mvua ya Butembo haituachi.

Ile picha ya kilima niliyokuahidi kwa ukuta wa salon yako, pale unapopokea wageni, nimeimaliza. Kilima ni uji mzito wa unga wa mihogo juu ya katoni, mashamba ni maganda ya kahawa, miti ya mpaka ni njiti za kiberiti. Jumanne jua lilipotoka kidogo niliianika uani. Jirani, Mama Kahindo, mwenye shamba kwenye kilima hicho, akaiona na kupiga kelele: "Ee mutoto, iyi miti imeingia mu shamba yangu!"

Papa Paluku, mwenye shamba linalopakana na lake, akaja mbio. "Hapana! Iko pa fasi yake. Mutu asiiguse!"

Wakamwita chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu. Alipima picha kwa mita, akang'oa njiti mbili, akazibandika upya upana wa kidole kuelekea kwa Papa Paluku. "Donc, kesi imeisha," akasema, akagonga muhuri wa bureau katikati ya mbingu.

Nakutumia hivyo hivyo. Nisalimie watoto, na wasiguse njiti: Papa Paluku anasema atapanda pikipiki mpaka huko kwenu Beni kuja kukagua.

Mdogo wako, Kavira